Kenopi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakai kiti cha mbele cha pikapu yangu. Si kiburi. Katika mila tuliyolelewa nayo sisi Waborana, mume na mama mkwe hawaketi pamoja, hawatazamani usoni wala hawasemezani. Likiwepo neno, hupitia kwa mke wangu. Najua dini haikatazi, mama mkwe ni maharimu. Lakini mila nayo ina enzi yake. Tukikutana uani yeye hushusha mtandio, nami hugeuka kuangalia mbuzi hata pale pasipo na mbuzi.

Kwa hiyo alisafiri nyuma, chini ya turubai, yeye na binti yake, kutoka shamba lake la vitunguu kule Rapsu hadi hospitali hapa Isiolo mjini. Kila mwezi, kwa ajili ya kifua. Safari moja alishuka mweupe kwa vumbi kama aliyemwagiwa unga, akakohoa mpaka akachuchumaa chini. Jioni mke wangu aliniletea chai na ujumbe pamoja.

"Mwalimu, mama amesema hatakuja tena. Heri afe akiona vitunguu vyake kuliko afie kwa barabara."

Daktari alikuwa ametuambia wazi: akiacha kuja, kifua kitamshinda. Niliona aibu. Gari ni langu, na ndilo lililokuwa likimuua.

Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia, na aibu yangu haikai sana kabla haijageuka swali. Gari linakimbia mbele, vumbi linabaki nyuma. Sasa linamfikiaje? Nilichana mtandio mkuukuu vipande vyembamba, nikavifunga juu ya turubai kutoka mbele hadi nyuma. Kisha nikamwomba fundi wa bodi, Mmeru mwenye karakana karibu na soko la mifugo, aliendeshe gari huku nikimfuata kwa bodaboda, nikila vumbi langu mwenyewe. Vipande vya mbele vililala kuelekea nyuma, kama nilivyotarajia. Vya mwisho kabisa vilikuwa vimegeuka, vinapepea kuelekea mbele, ndani ya gari. Upepo uliopita juu ulikuwa ukishuka nyuma ya mkia na kurudi, na vumbi umelibeba. Nilipiga kelele za furaha. Mwenye bodaboda akasimamisha pikipiki akidhani nimeumwa na nyuki.

Nikaamua kujenga kenopi ya faiba, paa gumu la kufunika nyuma ya pikapu badala ya turubai, yenye mgongo unaoteremka polepole hadi mkiani, ili upepo uteleze na usipate pa kugeukia.

"Mwalimu, mimi natengenezanga bampa," fundi alisema akikuna kichwa. "Hii yako ni nyumba."

Hakukosea. Habari zilipofika Rapsu, lori la vitunguu likaniletea mzigo wa fito zilizokwisha kupindwa, zile ambazo kina mama wetu hujengea nyumba za kuhama nazo. Sikuwa nimeomba. Mke wangu akazifunga kwa kamba juu ya gari, mimi na fundi tukisimama kando, maana kazi hiyo si ya wanaume. Juu yake tukatandaza magunia, tukayapaka plasta, tukasugua kwa msasa mpaka umbo likawa laini. Hapo ndipo tukaanza kulaza kitambaa cha nyuzi za kioo na kukilowesha kwa gundi yake. Siku ya kwanza nilichanganya dawa ya kugandisha kama mkebe ulivyoelekeza. Aliyeandika maelezo yale hajawahi kuona saa sita ya Isiolo. Mkebe ulifuka moshi mkononi mwangu, ukaganda na brashi ikiwa ndani. Tangu hapo tulifanya kazi baada ya swala ya alfajiri na kuacha jua likipanda.

Ilipokamilika niliziba kila upenyo kwa mpira. Hata chungu asingepita. Mke wangu akajitolea kukaa ndani tuijaribu. Niliporudi na kufungua mlango wa nyuma, alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Nililipiga gurudumu teke, nikaumia kidole, nikamlaumu fundi, ambaye alikuwa ameenda zake kula.

Baada ya siku mbili ujumbe ukaja kutoka Rapsu. "Mama anauliza, upepo umeuwekea mlango wapi? Anasema nyumba ukiziba kila mahali, vumbi linajitafutia tundu. Fungua juu, upande wa mbele."

Nimesimama mbele ya ubao miaka mingi nikieleza shinikizo la hewa, na leo nafundishwa na mama asiyejua darasa lina milango mingapi! Lakini swali lake lilikataa kuniachia usingizi. Kama hewa safi ingeingia kwa nguvu kutoka juu, ingejaa ndani na kutafuta pa kutokea kwenye kila ufa. Ikitoka, vumbi litaingilia wapi? Nikachukua msumeno, nikatoboa kwa hasira kenopi yangu nzuri, nikaweka tundu linalotazama mbele na kitambaa cha kuchujia. Nikatandika shuka jeupe ndani, nikaenda hadi Rapsu na kurudi. Shuka lilirudi jeupe. Nililibeba nikaenda kumwonyesha fundi, kisha nikamwonyesha tena.

Mwezi uliofuata mama alikubali kuja tena, lakini mke wangu alibaki nyumbani na mtoto mwenye tetekuwanga. Jirani aliyeahidi kumsindikiza mama hakutokea, na siku ya daktari haingojei. Mama mkwe alipanda nyuma peke yake huku nikiangalia mbuzi. Kidirisha cha kioo nilichokuwa nimeweka kati ya kenopi na kiti cha dereva, na nilichojivunia sana, alikiziba kwa leso tusionane.

Nikaendesha. Miaka yote kikohozi chake ndicho kilichonijulisha hali yake. Safari hii sikusikia kitu. Kilomita baada ya kilomita, kimya. Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikaanza kujiuliza kama ile harufu ya gundi imekwisha kweli, kama tundu limeziba, kama nimemfungia mama wa watu ndani ya sanduku. Nilisimamisha gari katikati ya nyika, nikazima injini, nikashuka. Kufungua mlango nimtazame sikuweza. Kumwita sikuweza. Nikakohoa. Kimya. Nikagonga ubavu wa kenopi mara mbili.

Ndani kitu kilisogea. Kisha ikaja sauti ambayo kwa miaka kumi na tisa ya ndoa haikuwahi kuelekezwa kwangu.

"Mbona umesimama? Nilikuwa nimelala."

Sikujibu, kama inavyopasa. Nilirudi kwenye usukani nikifuta macho, nikaondoa gari taratibu nisimwamshe tena.