Majani Yasiyoliwa

Mwezi uliopita nilikwenda Louisville kwenye harusi ya binamu yangu, na kabla ya kurudi Columbus nikamwomba mume wangu tupitie mtaa wa Okolona. Nilitaka kuiona ile nyumba tuliyopanga nikiwa na miaka kumi. Bado ipo. Wameipaka rangi ya kijivu, na bwana mmoja alikuwa akisukuma mashine ya kukata majani mbele yake. Harufu ile iliingia garini, ikakaa nasi mpaka tulipovuka mto.

Sijui wewe ulikulia wapi. Sisi tulitoka kambi ya wakimbizi Burundi, tukaletwa Marekani na kuwekwa kwanza ghorofani, mahali pasipo hata shina la lengalenga, mchicha wa kwetu. Nyanya, mama yake baba, alikaa mwaka mzima kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuwa mwanamke wa milima ya Kivu ya Kusini, aliyekulia nyuma ya ng'ombe, na huko ghorofani miguu yake ilianza kuvimba. Maziwa ya dukani aliyanywa kwa heshima tu. Alisema hawezi kuyasifu maziwa ambayo ng'ombe wake hamjui.

Basi baba akapata nyumba yenye uwanja mbele na nyuma. Mwenye nyumba alitoa sharti moja: majani yatunzwe. Mwisho wa kiangazi angekuja kutazama, na akikuta yameharibika, tutafute pengine. Baba alikubali bila kuuliza maana alimwona mama yake amekwisha kuvua viatu.

Asubuhi Nyanya alikuwa nje kabla yetu, miguu mitupu kwenye umande, kitenge kiunoni, fimbo mkononi. Alitembea kandokando ya uzio, akainama, akang'oa jani, akalitafuna. Mchana alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akichambua maharage. Kiangazi cha kule si kama cha kwetu, joto lake limejaa maji, nguo inaganda mgongoni hata ukiwa umekaa tu. Jioni nyenje walipiga kelele kwenye kila mti, sombe, kisamvu cha kwetu, ikichemka jikoni na harufu ya mawese ikitoka dirishani, na sisi watoto tukikimbiza vimulimuli. Miguu ya Nyanya ilinywea ikarudi kuwa miguu.

Baba alifanya kazi usiku kwenye depo, ghala la mizigo, na Jumamosi ndiyo siku yake ya mashine. Mwezi wa sita akapata akili mpya: aishushe mashine mpaka chini kabisa, akate majani kama anavyomnyoa mtoto wa shule, ili apumzike wiki tatu. Mama akamsifu. Jirani yetu, mzee wa Kimarekani aliyeacha majani yake marefu, alitutazama juu ya uzio na kutikisa kichwa.

Joto la mwezi wa saba lilipokuja, uwanja wetu uligeuka rangi ya mkeka. Baba alimwagilia maji jua la saa sita, wapi. Nilimsikia akimwambia mama kwamba ametupotezea nyumba kwa mkono wake mwenyewe.

Nyanya peke yake hakuwa na wasiwasi. Kule milimani, alisema, majani yakizeeka hivi wachungaji huyachoma, mvua inanyesha, yanachipua mapya, na ng'ombe wanayakimbilia. Alimshauri baba, baba akacheka. Asubuhi moja, mama yuko kazini kwa wazee anaowahudumia na baba amelala baada ya zamu, Nyanya alichukua kiberiti jikoni. Alisubiri upepo ugeuke, akashika tawi bichi la kuzimia, akawasha pembeni. Alifanya kila kitu sawasawa, kama alivyofundishwa. Ila kule kwao hapakuwa na uzio wa mbao wa kushika moto.

Mimi nilikuwa nakunywa chai nilipoona moshi. Jirani alifika kabla yangu na mpira wa maji, akazima bila kelele, na baba akatoka na singlendi. Yule mzee hakutaja polisi. Alipiga goti, akang'oa shina upande usioungua, akanionyesha chini kabisa palipobaki kijani. Akaniambia nimweleze baba kwamba majani hayajafa, yamelala kwa sababu ya joto, na baridi ya mwezi wa tisa itayaamsha. Yalikatwa mafupi mno, jua likapiga udongo. Nilitafsiri, lakini baba hakunisikia. Alikuwa akimtazama mama yake.

"Mama, majani ya huku haiko ya ng'ombe," akasema. "Ni ya macho. Unataka batufukuze?"

Nyanya aliweka tawi chini, akaingia ndani.

Mwezi wa nane wote hakutoka. Kiti kilirudi dirishani, na miguu ikaanza tena kuvimba. Baba alimpelekea chai kila asubuhi, akaiweka, akaondoka. Mama alipomwambia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, baba alijibu kwamba methali hajaomba. Niliumia sana kuwaona hivyo, wawili wanaopendana, kila mmoja akingoja mlango wa mwenzake ufunguke.

Mvua za mwezi wa tisa zikaja, na usiku ukapoa. Majani yakaamka. Baba na yule mzee walipanda mbegu mahali palipoungua, wakainua mashine isikate chini tena. Mwenye nyumba alipokuja hakushuka hata garini, alitupungia mkono akaenda zake. Tukaruka kwa furaha. Nyanya akasema Mungu asifiwe, akiwa kitini.

Kesho yake baba alirudi kutoka kazini, asiende kulala. Akiwa na viatu vya depo miguuni, alichuchumaa mbele ya kile kiti.

"Mama, majani imerudi," akasema. "Kuya uangalie. Miye sijue. Ng'ombe ingeshiba?"

Nyanya alimtazama sana, kisha akaomba fimbo yake. Alitembea polepole mpaka pale palipopandwa, akang'oa machipukizi kidogo, akatafuna, akatema.

"Maziwa itakuwa kidogo," akasema. "Lakini ndama itapona."

Baba alicheka, halafu akalia mbele yetu wote, wala hakugeuka.

Nyanya alitutoka miaka michache baadaye, wakati wa theluji. Sasa baba ana nyumba yake Jeffersontown, na majani yake yanasifiwa mtaa mzima. Kila mwezi wa tisa hunipigia simu na kunieleza mbegu gani amepanda na mvua imenyesha kiasi gani. Mimi namwambia ni mazuri, nimeyaona kwenye picha. Hapo hubaki kwenye simu, akingoja nimwambie kama ng'ombe angeshiba. Lakini sijawahi kuchunga hata mbuzi.