Wasifu wa Yuditha, Fundi wa Taa

Asubuhi ile Yuditha alikunywa mtori wa ndizi amesimama, kama kawaida yake, bakuli mkono mmoja, lenzi mkono mwingine. Mezani palikuwa na taa ya nyuma ya gari, imefunguliwa vipande viwili kama parachichi lililopasuliwa. Ilikuwa ya Isack, mdogo wake, mwalimu mstaafu. Ndani ilikuwa na vitaa vidogo ishirini na vinne. Sita vya mstari wa chini vilikuwa haviwaki. Mjini Moshi walimwambia Isack aitupe, anunue nzima.

Jana yake Yuditha alikuwa ameiweka kwenye oveni ya mkaa, ile ile ya keki za sikukuu, moto kidogo wa juu, wa chini hakuna, mpaka gundi ikalainika, taa ikaachia yenyewe. Wengine huchokonoa kwa bisibisi, wakavunja.

"Baba Kindness, njoo ushike."

Mzee Eliufoo, mumewe, akaja. Kazi yake miaka yote ilikuwa hiyo, kushika. Yuditha akagusisha ncha za mita ya umeme kwenye kitaa kimoja kimoja. Kila kimoja kilitoa mwanga hafifu, kikazima. Vyote sita.

"Unaona? Vizima hivi. Vimezushiwa kifo."

Basi kama vitaa ni vizima, njia ya umeme ndiyo iliyokatika. Akaufuata mstari wa shaba kwenye bodi kwa ncha ya sindano ya kushonea, polepole, mpaka penye kipande cheusi kinachopunguza umeme wa mstari ule. Kwenye risasi ya kulehemu iliyokishika palikuwa na ufa, mwembamba kuliko unywele. Gari likitikisika, ufa unafunguka. Akapasha moto chuma cha kulehemu, akagusa mara moja tu. Risasi ikayeyuka, ikang'aa. Eliufoo akashikisha nyaya mbili kwenye betri kuukuu, na vitaa vyote ishirini na vinne vikawaka. Dari ikawa nyekundu.

"Nitaifunika mchana," Yuditha akasema. "Ngoja kwanza nikamkatie ng'ombe majani."

Saa sita walimkuta ameketi chini ya mgomba, mundu mapajani. Mwili upo, yeye hayupo.

Kazi ile hakuiokota njiani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliposhuka kutoka Old Moshi kwenda kufagia duka la Mzee Mansukhlal, aliyekuwa akitengeneza redio. Alifagia miezi minane huku akitazama. Siku moja Mansukhlal alipotoka kunywa chai, Yuditha akaifungua redio iliyomshinda mzee siku tatu, akaifunga ikiimba. Yule mzee hakumgombeza. Alimnyang'anya ufagio, akampa kiti. Lenzi ile aliyoishika na bakuli la mtori ni ya Mansukhlal, alimwachia alipofunga duka.

Redio zikaisha, zikaja taa hizi za magari. Yuditha akaziweka mezani nyumbani kihambani, kwenye migomba yao, dirishani kwenye mwanga. Madereva walipanda kilima kumfuata. Na kila mgeni alifanya kosa lile lile: alimpita Yuditha aliyeketi na chuma mkononi, akamwendea Eliufoo aliyekuwa anachambua maharage. "Shikamoo mzee. Fundi yupo?" Eliufoo hakujibu hata siku moja. Yuditha alikuwa na jibu lake, moja, miaka yote halikubadilika.

Sasa sikia walichomfanyia.

Siku moja kabla ya mazishi, Isack alimletea Eliufoo karatasi. "Shemeji, wasifu wa marehemu huu. Pitia, kama kuna kosa sema." Nyumba imejaa watu. Eliufoo akaishika karatasi, akaitazama juu mpaka chini, akavuta muda kama msomaji.

"Iko sawa," akasema.

Kesho yake kanisani ikasomwa. Amezaliwa lini, amebatizwa lini, ameolewa lini. Kisha: "Marehemu alikuwa mama wa nyumbani." Basi. Wakaruka kwenye ugonjwa ambao hata hakuwa nao. Eliufoo akasimama. Akina mama wawili wakamshika mabega, wakamkalisha, pole mzee, pole. Walidhani ni uchungu. Ilikuwa hasira.

Miaka arobaini na tisa ya chuma cha moto! Vidole vyenye makovu! Nusu ya magari yaliyopanga foleni nje ya kanisa siku ile yalikuwa yanawaka nyuma kwa mkono wake, na ndani hakupatikana hata mmoja wa kusema. Mama wa nyumbani.

Wiki tatu baadaye Isack akaja, ana karatasi ile ile.

"Shikamoo shemeji. Jumatatu mchonga jiwe anaanza, jiwe la kaburi. Maneno tutayatoa hapa hapa kwenye wasifu." Akakohoa. "Halafu shemeji, ile taa yangu. Trafiki wamenichosha. Sijui dada aliigusa?"

Eliufoo akasogea mezani. Akaivuta betri, akashikisha nyaya. Mstari wa chini ukawaka, na wa juu, na wa kati.

"Eh!" Isack akasogea. "Na mjini walisema imekufa. Nani kaitengeneza?"

"Mama wa nyumbani."

Isack akarudi nyuma hatua moja. Kisha ualimu ukamrudia. "Kwani shemeji, uongo? Si alikuwa anafanyia nyumbani?"

"Na wewe ulisahihisha madaftari nyumbani. Ukifa tukuandike baba wa nyumbani?"

"Usinigombeze bure. Karatasi nilikupa mkononi. Ulisoma, ukasema iko sawa."

Hapo Eliufoo akaachia nyaya. Taa ikazima. Angeweza kusema alikuwa na msiba, macho yalijaa machozi, na Isack angekubali, na jiwe lingechongwa vile vile.

"Sikusoma," akasema. "Sijui kusoma. Dada yako alikuwa ananisomea kila kitu. Barua, dawa, Biblia. Mimi namshikia nyaya, yeye ananisomea. Hakumwambia mtu, hata wewe mdogo wake. Niliona haya mbele za watu, nikamwuza kwa haya yangu. Jiwe hilo halichongwi hivyo, Isack. Na taa haitoki hapa mpaka uandike upya."

Isack aliitazama karatasi yake kama daftari la mwanafunzi aliyemwamini. Akavua kofia, akavuta kiti cha Yuditha. Eliufoo akamtazama. Isack akakirudisha, akavuta kingine. Akatoa kalamu.

"Niandikeje, shemeji?"

"Andika fundi."

"Fundi wa nini? Jiwe ni dogo."

"Wa taa za magari. Ukubwa wa jiwe si shida yangu."

Isack akaandika. Eliufoo akasema, "Nionyeshe lilipo fundi." Akaonyeshwa. Akaweka kidole, akahesabu herufi. Tano. Ya kwanza imesimama na mikono miwili upande mmoja, ya mwisho ina nukta kichwani. Jumatatu angeshuka mwenyewe kwa mchonga jiwe, azihesabu tena.

"Chini panabaki nafasi ya mstari mmoja," Isack akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Watu huweka neno la marehemu mwenyewe. Kuna neno lake?"

"Unalijua. Hata wewe ulipoleta taa hii, uliniuliza mimi kama fundi yupo. Ulidhani unafanya utani. Alikujibu nini?"

Isack akainamisha kichwa. Alikumbuka.

"Andika hivyo hivyo. Usininyooshee Kiswahili chake."

Akaandika:

"Umeshamwona. Lete taa."