Kiti cha Nyuma

Nakumbuka asubuhi moja pale Mtongwe, mwanangu, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mikono yangu ikijua kuchomelea vyuma kuliko moyo wangu ulivyojua kusema kweli.

Mwalimu wangu wa ufundi, Fundi Bakari, Mungu amrehemu, alikuwa akimwundia tajiri mmoja chombo cha kuruka cha watu wawili. Usidhani ni ndege yenye mabawa. Kilikuwa fremu ya mabomba juu ya magurudumu matatu, injini na pangaboi nyuma, na juu mwavuli mpana wa kitambaa wa kuvibeba vyote. Rubani alikaa mbele. Kiti cha abiria Fundi alikichora sakafuni kwa chaki mara nyingi, akikisogeza kidogo kidogo, hata kikakaa sawasawa chini ya pale mwavuli unaposhika fremu, ili abiria awepo asiwepo, chombo kisiinue pua wala kuinama. "Anayekaa nyuma," alikuwa akisema, "hana cha kushika ila imani yake kwetu."

Mimi nilipewa kutoboa bomba la juu, pale mwavuli unapofungwa kwa bolti. Keekee ikateleza, nikatoboa pasipo pake. Badala ya kumwambia, nililiziba lile tundu kwa kuchomelea, nikalisawazisha kwa tupa, nikatoboa jingine kando yake, nikapaka rangi. Fundi akaruka peke yake, salama. Akaruka na gunia la mchanga kiti cha nyuma, salama. Nikajiambia, Ijumaa tutakisomea chombo dua kabla ya kupakia watu, na dua itafunika lililobaki. Naona haya kukuandikia hivi, mimi niliyehitimu Qur'ani chuoni kabla sijaota ndevu.

Siku ya dua mamangu alikuja na mahamri na chetezo cha ubani. Akakizunguka kile chombo, akakigusa kiti cha nyuma.

"Fundi, na mie mtu mzima mwanipakia?"

"Ukitaka, Bi Mwanaisha, wewe ndiwe abiria wa kwanza."

"Nataka! Nikamtazame wifi yangu kutoka juu, nijue kama kweli unga umemwishia au ananificha."

Watu wakacheka. Mama akakusanya buibui lake, akapanda, akasema bismillahi, akatulia. Hakuuliza habari ya bolti wala bomba, maana aliyechomelea ni mwanawe.

Nikakikimbilia kile kiti. "Mama, shuka," nikasema. "Shuka, tafadhali." Nikamweleza Fundi yote, mbele ya watu.

Hakunigombeza. Alikwangua rangi kwa kisu, na pale penye tundu tukaona ufa mwembamba kama unywele, umeshaanza kutambaa. Akaniita kando.

"Umesema kwa kuwa ni mamako."

"Naam, Fundi."

"Na mimi niliyeruka juzi, sina mama?"

Dua ikaahirishwa. Tukalikata lile bomba, tukaanza upya. Mwenye chombo alipouliza kwa nini tumechelewa, Fundi akamjibu, "Tulikosea," na jina langu hakulitaja.

Mwanangu, ukikosea kazini, sema siku hiyo hiyo. Ukilala na kosa, kesho ulimi utakuwa mzito zaidi, na keshokutwa utaanza kujiona huna kosa. Haya ya kukiri mbele ya watu inauma, lakini hupita. Mimi yangu ilipita kabla ya Ijumaa ya pili. Dua tunaomba kwa yale tusiyoyaweza. Yale tuliyoyaweza tukayakimbia, tusimwombe Mungu atufichie. Na mtu atakayekitumia ulichokiunda, hata kama hutamwona wala kulijua jina lake, mpe haki ile ile ambayo ungempa aliyekuzaa.

Mola akupe ustadi wa mikono na wepesi wa kukiri. Awahifadhi wote watakaoiamini kazi yako, na ukikosea, akujaalie mtu wa kukurekebisha kwa upole na kukusitiri. Amin.