Solo Yangu na Ukumbi Uliosema Amina

Leo nimepigia viti vitupu solo yangu ya fidla. Na ukumbi ulikuwa umejaa!

Okestra yetu ilikuwa mjini Ogembo, ikipiga muziki wa filamu huku picha ikionyeshwa ukutani. Solo yangu ilikuwa mwishoni, jambazi akishikwa na polisi.

Kumbe kipande cha katikati, kile cha polepole, kinafanana na wimbo wa kufunga ibada.

Mama yangu akasimama. Ukumbi mzima ukasimama.

Mwalimu wetu akageuka, akainua mikono kuwaomba wakae.

Wakainamisha vichwa wapokee baraka.

“Amina!”

Wakatoka mstari kwa mstari, tena polepole.

Nafika nyumbani, Mama ananiambia: “Ibada ilikuwa tamu sana. Lakini mhubiri wenu wa pale ukutani, mbona alikuwa anakimbizwa na polisi?”

Jameni, nimjibu aje?