Ndege ya Mlangoni mwa Duka

Harufu ya plastiki iliyopashwa moto ilijaa jikoni kwetu Butembo msimu mzima wa mvua, ikishinda hata ya maharagwe. Vita vilikuwa vimeigeuza shule kambi ya askari, na kaka yangu Kambale alikuwa amepata ndege. Ilikuja ndani ya mzigo wa viatu ambao baba aliagiza Dubai: kiboksi cha ndege ya kuchezea, chenye vipande vya kijivu vilivyoshikana kwenye vijiti kama dagaa waliotungwa, na maelezo kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua mtaani. Gundi yake ilikuwa imekauka. Kambale akafanya kama wale wanaoziba mabeseni yaliyopasuka: alipasha kisu makaani, akagusisha kingo mbili, akazibana mpaka zishikane, kisha akaparua mshono kwa wembe. Alipachika magurudumu, mabomu chini ya mabawa, na rubani asiyezidi punje ya mahindi. Mimi nilizijua ndege za mizigo tu, zile za kutua Beni, nikamuuliza mapanga ya kuzunguka yako wapi. Akasema ndege ya vita humeza upepo mbele na kutema moto nyuma. Nilikesha nikiwaza moto huo.

Alitaka ikae juu ya kitanda chake. Lakini baba, ambaye biashara ilikuwa damuni mwake, alisema kizuri chajiuza, akaitundika kwa uzi mlangoni mwa duka ili wapita njia wasimame. Kambale alimsihi. Baba akamjibu kwamba akikua atanunua mlango wake. Watu walisimama kweli, wakanunua. Kisha wakasimama askari, mmoja wao akiwa na kovu la moto lililong'aa shavuni. Aliuliza ni nani fundi, na baba, akidhani ni sifa, akamsukuma Kambale mbele. Askari akakata uzi, akamwekea ndege kiganjani.

"Hii ndiyo ilituchoma kule mbele, vitani," alisema polepole. "Shika, piloti. Ukiangusha, tunachoma duka ya papa yako."

Akawasha kiberiti chini ya bawa. Plastiki ikachuruzika vidoleni mwa Kambale, ikiwaka bado, naye hakuiangusha. Askari walicheka. Halafu yule wa kovu akageuka kutazama ni nani asiyecheka, na wateja wakacheka wote. Baba alicheka kuliko wote.

Siku hizi duka lile linauza simu, na askari wa zamani hizo hakuna anayewakumbuka kwa jina. Mimi nimezurura miji mingi, nimeuliza mengi. Mwezi uliopita baba, mgonjwa huko kijijini Masereka, aliniambia kwamba mwenye nguvu mpishe, na kwamba kicheko chake kiliokoa duka. Duka, alisema. Akanituma Beni nimlete Kambale. Nilimkuta akifunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, nikampa ujumbe. Aliuliza kama mzee anaumia. Nikasema sana.

"Basi mumuambie acheke," alisema, akamaliza vifungo vyake.