Maharagi Yaliyokosa Kuni

Tulipokimbilia kambi iliyo pembeni ya Kitshanga, nilikuwa na watoto watatu na sufuria moja. Mume wangu alikuwa amekwenda upande wa machimbo ya Bisie kutafuta kazi, na simu yake ilikuwa haipatikani tena. Kule kilimani kwetu, nyuma ya nyumba kulikuwa na maharagi, magimbi tunayoyaita mateke, ndizi, na mboga ya lengalenga iliyojiotea yenyewe. Kambini, ukuta wa kibanda changu uligusana na wa jirani. Hapakuwa na mahali pa kupanda hata kitunguu.

Tulipogawiwa maharagi, nilifurahi siku moja tu. Maharagi hutaka kuni za asubuhi nzima, na kuni zilikuwa ng'ambo ya mlima, kwenye watu wenye bunduki, ambako wanawake wawili wa safu yetu ya vibanda walikwenda wakarudi wamenyamaza. Hakuna aliyewauliza kitu. Tangu hapo nikawa nabadilisha maharagi yangu sokoni kwa unga wa muhogo, maana bugali huiva kwa vijiti vichache. Tukala bugali na chumvi, wiki baada ya wiki.

Asubuhi moja nikimwogesha kitinda mimba wangu, msichana wa miaka minne, niliona miguu yake imevimba. Nilibonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Nikabonyeza mguu wa pili, ukawa vilevile. Nilimfunga mgongoni, tukaenda kituo cha afya, na njia nzima nilikuwa nasikiliza kama bado anapumua.

Muuguzi, mama wa makamo, aliuliza, "Mutoto anakulaka nini?"

"Bugali na maharagi."

"Maharagi kila siku?"

"Kila siku, Mama."

Nilidanganya kwa sababu niliogopa kufutwa kwenye orodha ya wanaogawiwa chakula wakijua nabadilisha maharagi sokoni. Aliitazama tena miguu ya mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Mimi siandike majina ya watu wa kufukuza," akasema polepole. "Uniambie kweli, nipate kumusaidia."

Nikamwambia kweli. "Maharagi iko, Mama. Kuni njo hakuna."

Hakunigombeza. Alimpa mtoto chakula cha dawa cha kwenye pakiti, akaniambia nirudi kila wiki. Nyumbani niloweke maharagi tangu jana yake, na nitafute mtu wa kupika naye kwenye moto mmoja.

Mtu wa karibu alikuwa jirani yangu, mama wa watu wafugaji. Tulisalimiana tu. Ng'ombe za watu kama yeye ziliwahi kula shamba la baba yangu, na yeye aliacha ng'ombe zake zote nyuma, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na lake moyoni. Nilisimama mlangoni pake, sufuria mkononi, sijui nianzie wapi.

"Watoto wangu pia wanakulaka bugali tupu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Ingia, dada."

Tulianza kufulia watu nguo mjini ili tununue fungu moja la kuni, na maharagi yetu yakaiva pamoja. Kila wiki kituoni mtoto alipopimwa, nilifumba macho mpaka muuguzi aliposema uzito. Wiki ya tano uvimbe ulikuwa umekwisha. Lakini ugawaji ulipochelewa, hofu ilinirudia, na nilikuwa nahesabu maharagi kwa vikombe.

Siku moja nilirudi na ndagala kavu, samaki wadogo wa ziwani, zilizoletwa na wachuuzi kutoka Bweremana. Nilizipika kwa nyanya. Jirani yangu alirudi nyuma.

"Kwetu hatukulaka samaki," akasema. "Kwetu ilikuwa maziwa."

"Na sasa maziwa iko wapi?" nikamwuliza.

Mtoto wake mdogo alikuwa amekwisha kuketi karibu na sinia, anatutazama mmoja mmoja. Mama yake akachukua ndoo, akasema anakwenda kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Alipotoka, nikamkatia mtoto tonge la bugali, nikaweka ndagala mbili juu yake.