Kipimo cha damu ya ujauzito, na siku kumi na moja za kimya cha mume wangu

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naupost kama yalivyotokea, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Same. Mume wangu yuko migodini Geita, anarudi mara mbili kwa mwaka. Mimba yangu ya kwanza niliipata nikiwa na miaka 39.

Kwa sababu ya umri, daktari wa Moshi akanishauri kipimo cha damu. Wanatoa damu ya mama mkononi, wanaangalia vinasaba vya mtoto. Sampuli ilipelekwa nje ya nchi. Nikasubiri wiki mbili na ushee, naingia darasani kama kawaida.

Majibu: uwezekano mkubwa wa Down syndrome, yaani mtoto kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, akachelewa kukua na kujifunza.

Daktari akasema, "Mama, hiki hakijathibitisha. Cha kuthibitisha ni kile cha kuchukua maji ya uzazi, nacho kina hatari kidogo ya mimba kutoka."

Nikakataa. (Najua wengine mtanishangaa, sawa tu.)

Nikampigia mume wangu nikiwa stendi ya Moshi. Nikamsomea majibu. Nikaita haloo, haloo, nikidhani ni network.

"Nitakupigia," akasema.

Hakupiga siku kumi na moja.

Wakuu, zile siku! Staff room wananipongeza kwa tumbo, nacheka nao. Nikirudi nyumbani napika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki. Sikumwambia yeyote.

Siku ya kumi na mbili mama mkwe akashuka kutoka Chome, kijijini kwao milimani. Yule mama nilikuwa namwogopa, tangu ndoa hatukuwahi kuvuka salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Akaniambia mume wangu alikuwa na mdogo wake, Elia, mwenye hali hiyohiyo. Sikuwahi kumsikia!

"Tulimficha ndani," akasema. "Mume wako ndiye alikuwa anamlisha. Elia alifariki ana miaka tisa, tangu hapo mwanangu hajamtaja. Juzi kanipigia analia. Hajakukimbia wewe."

Nililia. Yeye akawasha jiko, akabandika makande. Jioni hiyo mume wangu akapiga.

Kipimo hakikukosea. Binti yangu Neema sasa ana mwaka na miezi minane. Moyo wake umeangaliwa, maana watoto hawa wengi huzaliwa na tatizo la moyo, ila wake uko salama. Wiki iliyopita alisimama kwa kushika kochi, nikapiga makofi peke yangu sebuleni.

Baba yake alikuja alipozaliwa. Alimshika kidogo, akatoka nje. Siku hizi anapiga kila Jumapili, anauliza mtoto amekula nini. Simlaumu, ila hajakaa naye hata wiki.

Nilichojifunza: kabla hamjatoa damu, kaeni wawili mjiulize jibu likija mtafanya nini. Mimi swali hilo nilijiuliza stendi, simu ikiwa imekatwa.

Kama kuna mzazi mwenye mtoto kama Neema, awe Same, Lembeni au popote, tafadhali andika hapa chini, hata salamu tu. Sijakutana na hata mmoja, na najua haiwezekani tuwe sisi wawili tu.